Paka Kwenye Gunia, Mkojo Kwenye Sofa

Mume wangu alikuwa amepiga magoti sebuleni, anafunga mdomo wa gunia kwa kamba. Gunia lilikuwa linacheza...

Ndani yake alikuwamo paka wangu.

"Unafanya nini?"

"Namtoa. Kakojolea sofa tena."

"Mfungue."

"Nimechoka kuishi kwenye choo cha paka."

Nikalirukia gunia. Akanisukuma kwa kiwiko, akatoka nalo. Nikasikia pikipiki inawaka... kwisha.

Jamani, mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani. Kwa hasira niliyokuwa nayo, mkasi wangu ungekata chuma.

Huyo paka tunamwita Bosi, maana analalia vitambaa vya wateja kama vyake. Nilimwokota akiwa mdogo, nikamfundisha choo mwenyewe.

Beseni la plastiki, mchanga mkavu, kwenye kona ya chumba cha kushonea, mbali na bakuli lake la chakula. Akimaliza kula tu, namweka pale. Namshika mguu wa mbele, tunaparura mchanga pamoja. Akikosea simpigi. Nafuta kwa tambara, tambara nalifukia kwenye mchanga ili harufu imwite.

Akaelewa! Akawa anafukia vitu vyake kwa adabu kuliko watu fulani ninaowafahamu ambao hata mlango wa choo hawafungi.

Halafu mama mkwe akaja kukaa na sisi, sofa likaanza kulowa.

"Paka wako huyo," mume akasema.

Nikabadilisha mchanga. Nikasugua beseni. Bosi analitumia kama kawaida, na sofa linalowa vilevile.

"Mama, umemwona akipanda hapa?"

"Mimi mambo ya paka siyajui, mwanangu." Hakuniangalia usoni.

Sasa siku hiyo ya gunia nilikuwa nimempelekea mteja gauni lake. Nimesimama pale sebuleni, ndipo nikakumbuka kitu.

Kabla sijatoka, Bosi nilimfungia chumba cha kushonea. Kwa ufunguo!

Nikaenda kuangalia. Mlango wazi, ufunguo wa akiba unaning'inia kwenye kitasa. Mume wangu alimfungulia paka mlango ili aje kumkamata kwa kosa la sebuleni. Mnanielewa?

Mama mkwe, aliyeona yote ya gunia, alikuwa bado kakaa kwenye sofa, kakumbatia mto mapajani.

"Mama, sogea kidogo nifute."

"Acha tu. Nitafuta mwenyewe."

"Mama... Bosi nilikuwa nimemfungia."

Akaukumbatia mto zaidi. Kisha machozi yakaanza kumtoka.

"Si paka, mwanangu. Ni mimi. Mkojo unanitoka kabla sijanyanyuka."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilimwambia mume wako, siku ya kwanza tu. Nikamwomba anipeleke hospitali. Akasema ninyamaze, atamsingizia paka. Akasema wewe ukijua utanifukuza."

Alijua! Siku zote ananigombeza, ananiambia sijui kufuga, alikuwa anajua.

Nikamchemshia mama maji ya kuoga, nikambadilisha nguo, tukaenda zahanati. Muuguzi alimsikiliza, akampima, wala hakushangaa.

"Mama, wanawake wengi wa umri wako wanakuja na hili," akasema. "Linatibika. Ungekuja mapema."

Akampa dawa, akamfundisha na mazoezi ya kubana misuli inayozuia mkojo.

Tuliporudi, mume alikuwa mezani anakula.

"Paka yuko wapi?" nikamuuliza.

"Nimemwacha sokoni. Tumalize hayo mambo."

Kabla sijafungua mdomo, mama mkwe akamsogelea, akamwondolea sahani.

"Umenifanya nimwogope mtu anayeniogesha," akamwambia. "Nenda kamlete paka wa mkeo."

"Mama, nilikuwa nakuficha aibu."

"Ulikuwa unaficha yako. Nenda."

Alirudi mikono imeparurwa hadi kwenye viwiko, Bosi kwapani. Akaniambia samahani. Nikamwambia amwombe radhi mama yake kwanza, kisha aoshe sofa. Aliliosha. Mimi bado sijamwelewa, na sitajifanya nimemwelewa.

Ninyi mnaosoma, mkiwa na mzazi nyumbani, muulizeni anavyojisikia, tena mkiwa peke yenu naye. Na mtu akiwa mwepesi mno kumlaumu asiyeweza kujitetea, msiishie kumwangalia anayelaumiwa. Mwangalieni anayenyoosha kidole.