King'ora cha Korongo la Mateteni

Kila asubuhi Loveth aliteka maji, akafagia uwanja, kisha akamshika mkono mdogo wake Magreth wakaenda shule. Nyumbani kwao Munisagara kulikuwa upande mmoja wa Korongo la Mateteni, na shule upande wa pili. Karibu mwaka mzima korongo lilikuwa mchanga mtupu. Lakini wakati wa masika, mvua ikinyesha milimani, maji yaliweza kushuka ghafla hata kama kijijini jua linawaka. Ndivyo yalivyomchukua Yared wa darasa la tatu mwaka uliopita, mchana kweupe.

Tangu siku hiyo wazazi waliweka sharti: ukifika ukingoni, simama, sikiliza, ndipo uvuke.

Mwalimu Magdalena, aliyefundisha sayansi, hakuridhika na sharti peke yake. Aliwapa Loveth na mwenzake Nassir, wote wa darasa la sita, kazi ya kutengeneza kifaa cha kuonya. Jicho la kifaa hicho lilikuwa na taa mbili ndogo kama punje za mahindi. Moja ilitoa mwanga wa infraredi, ambao macho ya binadamu hayauoni. Ya pili iliupokea. Jicho lingefungwa kwenye nguzo upande wa juu wa korongo, maji yanakotokea, na mbele yake kuwe na dumu jeupe ndani ya fremu ya miti. Maji yakipanda, dumu nalo lingepanda. Likifika mbele ya jicho, mwanga ungeligonga na kurudi, na king'ora kilichounganishwa kwa waya pale kivukoni kingelia.

Ndani ya darasa kilifanya kazi vizuri. Lakini walipokitoa nje saa sita mchana, kililia mfululizo ingawa mbele yake hapakuwa na kitu.

Walibadilisha betri. Walikaza nyaya. Waliitazama taa inayotoa mwanga kwa kamera ya simu ya mwalimu, wakaiona inawaka rangi ya zambarau. Kila kitu kilikuwa kizima, na bado king'ora kililia.

Loveth akachukua bisibisi na kugeuza skrubu ndogo inayopunguza ukali wa jicho. Akageuza, akageuza, mpaka kelele zikakata.

"Kimepona," akasema.

Nassir alipitisha mkono mbele ya jicho. Kimya. Akausogeza mpaka ukakaribia kuligusa, ndipo king'ora kikalia kidogo.

"Hujakitengeneza, Loveth. Umekinyamazisha tu. Tumwambie mwalimu."

"Kesho ni mkutano wa wazazi. Unataka tuaibike mbele ya watu wote? Nitakirekebisha baadaye."

Nassir hakumwambia mwalimu, lakini hakuwa na raha.

Kesho yake asubuhi Loveth alisogeza dumu karibu kabisa na jicho. King'ora kikalia, wazazi wakapiga makofi.

"Kiko tayari kweli?" Mwalimu Magdalena aliuliza.

"Kiko tayari, mwalimu."

Kifaa kikafungwa korongoni. Wiki ya kwanza ikapita kimya, na ya pili pia. Kimya hicho kiliwafurahisha watu wote isipokuwa wawili. Kila siku Loveth alitaka kwenda na bisibisi, na kila siku alijiambia kesho. Asubuhi moja alimwona Magreth akishuka korongoni mbio bila kusimama.

"Mbona husikilizi kwanza?"

"Siku hizi hatusikilizi, dada. King'ora chako kinatusikilizia."

Loveth alisimama ukingoni akasikiliza peke yake, ndipo akavuka.

Alhamisi ya wiki hiyo joto lilikuwa kali. Upande wa milimani wingu jeusi lilikuwa limekaa tangu asubuhi bila kusogea. Wanafunzi wa madarasa ya chini waliruhusiwa kwenda nyumbani saa sita. Loveth, aliyekuwa na zamu ya usafi, aliliona wingu lile kupitia dirishani. Akatupa ufagio na kukimbilia kwenye nguzo kuangalia kama maji yanashuka.

Kwanza alisikia harufu ya tope. Ndege wote walikuwa wamehama kwenye matete. Maji ya kahawia, yenye povu na vijiti, yalitambaa juu ya mchanga taratibu, kama kitu kinachonusa njia. Kwenye nguzo, palipo chini zaidi, maji yalikuwa yamejaa na dumu lilikuwa limekwisha kupanda. Lilitikisika mbele ya jicho, jicho likilitazama. King'ora kilikuwa kimya.

Kutoka juu ya korongo ukaja mngurumo.

Loveth alikimbia. Korongo lilipinda mara mbili kabla ya kivuko, lakini njia haikupinda. Hilo ndilo lililomsaidia. Magreth na wenzake watatu walikuwa katikati ya mchanga, wanachimba vishimo.

"Tokeni! Maji!"

Magreth aliinua uso, akacheka. "Muongo! King'ora hakijalia!"

 Loveth aliruka chini, akamvuta mdogo wake kwa mkono, akamsukuma mwingine mgongoni, akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Mtoto wa mwisho alikuwa bado anapanda ukingo kwa magoti maji yalipofika. Yalikuja kama ukuta wa tope, na mti mzima ukibingirika ndani yake. Yakazoa mikoba minne iliyoachwa mchangani, na pale palipokuwa na vishimo hapakuonekana tena.

Watu walikuja mbio. Mwalimu Magdalena aliwahesabu watoto mara mbili, kisha akakitazama king'ora.

"Kwa nini hakikulia?"

"Labda betri imekwisha," mzazi mmoja alisema.

Nassir alimtazama Loveth. Ingekuwa rahisi kwa Loveth kuitikia tu.

"Si betri, mwalimu. Kilikuwa kibovu. Nililegeza skrubu ili kinyamaze, nikakudanganya."

"Na mimi nilijua," Nassir alisema.

Mama yake Yared, aliyekuwa kati ya waliokuja, alijifunika uso kwa kanga yake, akaondoka. Loveth angependelea kuchapwa.

Siku hiyohiyo mwalimu alikata waya wa king'ora. Kisha akawapitisha Loveth na Nassir nyumba kwa nyumba, waseme kwa vinywa vyao wenyewe kwamba kifaa kile kisiaminiwe. Baada ya hapo ndipo aliporudisha kifaa mezani na kuunganisha waya.

"Irudisheni skrubu ilipokuwa, kisha msiiguse tena. Kwanza andikeni kinalia wakati gani."

Walikiweka nje uwanjani, wakaandika siku tano. Asubuhi, kimya. Saa sita, kinalia. Wingu likipita, kimya. Siku ya tano Nassir alilikinga jicho kwa daftari, na king'ora kikanyamaza papo hapo.

"Ni jua!"

"Ndiyo," mwalimu alisema. "Jua nalo hutoa mwanga wa infraredi, mwingi kuliko taa yenu. Jicho lilikuwa linadhani limeona kitu."

Wakaivika kila taa kipande cha bomba jeusi, wakaligeuza jicho upande usiopigwa na jua, skrubu wakaiacha ilivyo. Walikijaribu asubuhi, mchana na jioni kwa wiki nzima. Siku ya kukirudisha korongoni, shule yote ilisimama ukingoni chini ya jua la utosini. Loveth aliinua dumu. King'ora kikalia mpaka watu wakatoka majumbani.

Kilipozimwa, Mwalimu Magdalena alisema, "Kifaa kuharibika si kosa. Mimi mwenyewe nimeunguza vingi. Kosa ni kumwambia mtu kwamba ni kizima huku unajua ni kibovu. Zamani watoto waliliogopa korongo hili, na woga ule uliwalinda. Uongo uliwaondolea woga, lakini haukuwaondolea maji."