Kichupa cha Reginald

"Chui Tatu, unamwona?"

"Namwona."

Aika Mmari aliificha redio ya Motorola ndani ya kitenge, akaendelea kuteremka njia ya miguu ya Nkoaranga, kati ya migomba na mibuni. Saa nne asubuhi. Bastola ya Glock kiunoni. Hatua hamsini mbele yake alikwenda mtaalamu wa maabara aliyeiba kichupa kimoja cha dawa.

Mtaalamu huyo alikuwa Reginald, mume wake.

Moyo ulimuuma hadi akatamani kuketi palepale kwenye tope.

Reginald mwenyewe ndiye aliyemweleza habari za kichupa, jikoni kwao Lemara, huku akimenya ndizi. Seli za mwili zikivamiwa na sumu, alisema, husimamisha kutengeneza protini nyingi na kuruhusu chache tu, zile za kuizima sumu. Dawa yake ilizuia ruhusa hiyo. Aliitengeneza iue saratani. Mikononi mwa wahalifu, moshi wa kuni tu ungetosha kumuua mtu mzima aliyenyweshwa dawa hiyo.

Wahalifu wenyewe walikuwa wanamngoja barabarani, ndani ya Prado nyeupe.

"Prado tumeidhibiti," redio ilinong'ona. "Wageni wawili, wote wamekamatwa. Bado mzigo."

Aika akachomoa bastola.

"Regi. Simama."

Aligeuka. Akamtazama mkewe, kisha bastola.

"Wewe? Miaka sita unaniambia unauza bima!"

"Na wewe ulisema unatafuta dawa ya wagonjwa."

"Waliniahidi maabara yangu mwenyewe, Aika. Sikuuliza zaidi."

"Kichupa."

Alimpa. Kisha akanyoosha mkono kwenye uzio wa shamba, akachuma jani la isale, akalipiga fundo, akamwinamia na kumtolea kwa mikono miwili.

Mchagga hakatai isale. Hata aliyeuliwa ndugu yake hulipokea, na akilipokea amekwisha kusamehe.

"Usinifanyie hivyo, Regi."

"Pokea, mke wangu."

Akapokea. Alisamehe kweli, na hapo ndipo alipoumia zaidi, maana bado alimpenda.

Reginald akashusha pumzi, akageuka aondoke. Pingu zikambana mkono.

"Lakini umepokea!"

"Mimi nimekusamehe. Wale ambao wangekufa hujawapelekea jani."

Barabarani alimkabidhi kwa Godbless, ofisa mwenzake wa usalama, pamoja na kichupa.

"Uko sawa, dada?"

Aika alivaa miwani yake ya jua.

"Waambie askari wa mahabusu, chakula chake nitaleta mimi. Maharage hayamkubali."

Akaondoka kwa miguu, polepole, bila kugeuka.