Maziwa Aliyokunywa Bibi

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare za shule, Chiriku alimpelekea bibi yake kikombe cha maziwa ya uvuguvugu. Jina hilo alipewa na bibi mwenyewe, maana mdomo wa mtoto yule haukujua kupumzika. Siku hizi ulikuwa kimya. Bibi alikuwa na uvimbe kwenye umio, njia ya chakula iendayo tumboni, na hata maziwa yalimshuka kwa shida. Alikuwa amebaki mifupa na macho.

Asubuhi hiyo bibi hakutakiwa kula wala kunywa, kwa kuwa alikuwa anakwenda hospitali. Lakini alimshika mjukuu wake mkono.

"Mafunda mawili tu, mama. Koo limekauka. Iwe siri yetu."

Chiriku alimwonea huruma, akampa.

Hospitalini, walikofika pamoja na mama yake Chiriku, muuguzi alieleza kwamba bibi hatapasuliwa. Daktari angemlaza usingizi kwa dawa, ampitishie mdomoni mpira mwembamba wenye kamera, kisha aweke kibomba cha kupanua njia.

"Bibi, umekunywa chochote leo?"

"Hata tone."

Chiriku alijua kwamba akisema, huenda bibi akarudishwa nyumbani, na huko hakukuwa na cha kungoja ila kifo. Aliogopa sana. Hata hivyo akasema.

"Amekunywa maziwa. Nilimpa mimi."

Mama alimkata jicho. Bibi akageukia ukutani.

Hawakurudishwa. Bibi aliwekwa wa mwisho ili maziwa yashuke kwanza, nao wakashinda kwenye benchi. Jioni daktari alitoka akivua glavu.

"Kibomba kimekaa vizuri, sasa atameza. Tungemlaza asubuhi, yale maziwa yangeingia kwenye mapafu, tungempoteza." Kisha akashusha sauti. "Lakini uvimbe umeshasambaa. Hatuwezi kuuondoa."

Mama alilia palepale. Chiriku naye alilia, maana alidhani kusema kweli kungemponya bibi.

Kesho yake bibi aliruhusiwa kunywa. Chiriku alimshikia kikombe, macho yake chini.

"Umenichongea, Chiriku."

"Nisamehe, Bibi."

"Nikusamehe nini? Mkosa ni mimi niliyekufundisha kuficha. Mgonjwa akidanganya, anayemtibu anapapasa gizani. Siku zangu zimebaki chache, mama, nawe unalijua hilo. Nikisema siumwi, na wewe unaona naumwa, nichongee tena."

Chiriku aliitikia kwa kichwa, akapokea kikombe. Bibi alikuwa ameyamaliza maziwa yote.