Joho Moja la Msaada wa Sheria

"Wamemteka wakili," redio ilikoroma sikioni. "Toyota nyeupe. Inaelekea gereji za zamani."

"Naiona, Mzee," askari Nyigu alimjibu mkuu wake.

Aliongeza mwendo wa pikipiki yake ya Yamaha, akapenya katikati ya malori mawili.

Mahakamani, dereva wa lori aliyetetewa na wakili huyo alikuwa tayari kizimbani. Bunduki zilikutwa chini ya saruji aliyopakiwa, na yeye peke yake ndiye aliyeiona sura ya mwenye mzigo. Jaji alishasema haahirishi tena. Bila wa kumtetea, dereva angefungwa maisha, na mwenye mzigo angekwenda kumpakia dereva mwingine.

Nyigu alichomoa bastola yake ya Glock.

Risasi mbili. Tairi moja.

Toyota iliyumba, ikabamiza ukuta wa gereji. Wanaume wawili wakatoka wanapepesuka.

"Laleni."

Walilala. Akawafunga pingu kwenye bampa, akafungua mlango wa nyuma.

Ndani alikaa mama mnene, joho jeusi mwilini, kandambili miguuni, kamba mikononi.

"Wakili yuko wapi?"

"Yuko mahakamani, mwanangu. Mimi napika chai ofisini kwao. Nilikuwa nampelekea joho, mikono imejaa mafaili, nikalivaa. Mabwege hawa wakanizoa."

"Tuliambiwa mwenye joho," mmoja alinung'unika chini.

"Na hizi kandambili ukaona za wakili? Macho unayo ya urembo?"

Nyigu alikata kamba. "Kwani yeye hana joho lake?"

"Lake lipi? Ofisi nzima tuna hili moja. Fungu la msaada wa sheria wamelikata tena. Huyu akitoka, yule analivaa. Na bila joho jaji hamwoni."

"Hamwoni vipi?"

"Wakili kasimama mbele yake, jaji anamwambia, 'Wakili, mahakama haikuoni.' Ndio utaratibu wao."

Nyigu alirudisha kisu mfukoni. Alikuwa na miwani ya kuonea gizani. Alikuwa na droni mbili, moja hajawahi hata kuirusha. Vyote alipewa kwa sahihi moja tu. Na uhai wa mtu maskini ulining'inia kwenye kitambaa cha kuazimana.

Hasira ilimpanda mpaka meno yakauma.

"Panda, mama. Nishike kiunoni."

Walipoingia mahakamani, wakili kijana alikuwa amesimama na shati lake, jasho linamtiririka. Jaji alikuwa anamtazama dereva.

"Mshtakiwa, huna wakili. Tunaendelea."

Nyigu alilirusha joho. Kijana akalivaa ndani nje.

"Sasa nakuona, wakili," alisema jaji, bila hata haya.

Dereva alipopewa nafasi ya kujitetea, wakili alimuuliza swali moja. Nani alikupakia? Hakuna aliyewahi kumuuliza hilo.

Dereva alinyoosha kidole benchi la mbele, kwa bwana wa suti ya kijivu aliyekuja kushuhudia maskini huyo akizikwa hai.

Bwana aliinuka, mkono ukaingia kotini. Nyigu akaudaka. Pingu zikalia.

"Nitaleta mawakili sita," bwana alifoka.

"Najua. Ndicho kinachonikera."

Nje, ukumbini, mahabusu walijaa kwenye mabenchi, kila mmoja peke yake, bila wakili. Redio ikakoroma.

"Kazi safi, Nyigu. Imekwisha."

Mahabusu mmoja mwenye mvi, pingu mikononi, alimwinulia uso. "Binti, wewe ni wakili?"

"Hapana, baba."

"Aa." Akarudisha macho sakafuni.

"Nyigu? Umenisikia? Nimesema imekwisha."

"Imekwisha kwako, Mzee."

Alizima redio, akavaa helmeti, akashuka ngazi taratibu.