Pipa la Masalio

Alama ya mkono ilikuwa mbichi. Mjane aliigusa kwa ncha ya kidole, na rangi ya kijivu ikamshika. Ilikuwa upande wa ndani wa mlango wa stoo, na stoo hiyo haikufunguliwa tangu mumewe, fundi rangi, alipozikwa miezi mitatu nyuma.

"Mama, usiingie," binti yake alisema kwa sauti ya chini. "Kunanuka."

"Ni baba yako huyo. Alinuka hivyo kila siku, na akija na mkate ulikuwa hulalamiki."

Ndani mlikuwa na pipa. Zamani fundi alimwaga masalio ya rangi mtaroni, wakafa bata sita wa jirani. Tangu hapo hakumwaga tena. Kila kazi ilipokwisha, alirudi na yaliyobaki akayatia humo: rangi ya mafuta, rangi ya maji, tina ya kuoshea brashi, dawa ya mchwa, hata asidi ya kusugulia vigae. Vyote pamoja, kwa nia njema.

Mjane alifunua pipa, akavuta pumzi, akalia. Tangu siku hiyo hakulifunika. Kila asubuhi alikaa pale kidogo, akimnusa marehemu.

Mjukuu wake wa miaka mitano akaanza kumfuata. Siku ya nne alikohoa. Siku ya sita alikataa chakula, akasema babu amemkataza, kwa kuwa watu wa mle pipani hawali.

Mchana huo, jua likiwa la utosi, mjane alisikia brashi ikipita ukutani taratibu, juu na chini, juu na chini, kama alivyopaka mumewe, akatoka jikoni mikono ikiwa na sabuni, akapita ukumbini ambako harufu ilikuwa nzito hata machozi yakamtoka, na alipofika stoo akamkuta mtoto ameinamia pipa, midomo imegeuka buluu, anacheka na kitu kilichokuwa chini, huku utando wa rangi ukipanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala.

Hospitalini mtoto aliwekewa hewa ya oksijeni. Daktari akaagiza asikaribie tena ile stoo. Wakamlaza kwa jirani, lakini hata huko kila akikohoa chumba kilinuka tina.

Ndipo akaitwa mganga, mwanamke wa makamo. Alisimama uani, kitambaa puani.

"Ubani wangu ninao, lakini hapa siwashi kitu. Tutaruka sote na bati la nyumba." Akachungulia mlangoni. "Jini hupenda kitu kibichi kilichotelekezwa. Mumeo kachanganya visivyochanganyika, na wewe ukamfungulia mlango."

"Nilimwage chooni?"

"Mtaa mzima umnywe jini huyo? Likaushe. Maranda ya mbao na mchanga, mlango na madirisha wazi, pua na mikono umevifunika. Ufanye wewe uliyelifunua. Likiwa gumu lifungwe, wachukue wale wa manispaa wanaopokea sumu."

"Mtoto atapona?"

"Likikauka."

"Na harufu yake?"

Mganga aliinamisha macho. "Itaondoka, dada yangu. Mtoto na harufu, vyote viwili huwezi kupata."

Mjane akamwaga gunia la kwanza. Utando ukatetemeka. Akamwaga la pili, na kutoka chini ikaja sauti nyembamba, ikamwita kwa jina ambalo mumewe alilitumia chumbani tu.

"Kipusa. Nabanwa, Kipusa. Unanizika mara ya pili."

Akalipandisha gunia la tatu begani. Alisimama kama mtu anayesubiri kuambiwa kwamba si lazima. Upande wa pili wa ukuta, kwa jirani, mtoto akakohoa.

"Nisamehe, baba watoto," alisema, kwa kuwa huenda alikuwa ndiye. Akaligeuza gunia.

Siku ya tatu pipa lilikuwa gumu kama jiwe. Gari la manispaa lilipoliondoa, mjukuu alirudishwa nyumbani, akaomba chakula, akala, akaomba tena, na binti akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Mjane aliwaacha mezani. Aliingia stoo, akafumba macho, akavuta pumzi mpaka kifua kikauma. Akajaribu tena, pembeni, karibu na ukuta. Kulikuwa na harufu ya mbao tu.