Antena Isiyokunjwa

Zamani kidogo, kabla minara ya simu haijavuka vilima, kulikuwa na nyumba moja mjini ambayo watu wake walimalizia kila neno kwa "ova". Aliyeshiba alisema nimeshiba, ova. Aliyetaka chumvi alisema nipitishie chumvi, ova. Wageni walicheka hadi wakashika mbavu, lakini wenyeji hawakuona ajabu yoyote. Redio ya upepo, ile ya kuongea na watu walioko mbali, ambayo anayemaliza kusema hutamka "ova" ili mwenzake ajibu, ilikaa sebuleni mwao juu ya meza, kati ya cherehani na dirisha, na kila mchana ilikuwa na jambo la kusema.

Binti wa nyumba hiyo aliitwa Kasuku, kwa sababu hakuliacha neno lipite bila kulirudia. Alikuwa darasa la sita. Akitoka shule alivua sare, akaifua, akaianika, akala, kisha akavuta kigoda karibu na redio kusubiri sauti ya mama yake. Mama alikuwa dereva wa gari la chanjo, gari la kuvuta kwa magurudumu yote, lililopita njia ambazo hata punda walizigomea. Kila alipofika kijijini aliita, "Nyumbani, nyumbani, nimefika salama, ova," na Babu, baba yake mzazi, akamjibu.

Babu mwenyewe aliliendesha gari hilo miaka mingi, mpaka macho yake yalipoingia ukungu na magoti yakamkatalia. Basi akabaki na redio. Zilikuwa siku tamu zile, asikudanganye mtu. Babu akimruhusu Kasuku kubonyeza kitufe na kusema, "Mama, tumekupata, ova," binti huyo alijiona mkubwa kuliko mwalimu mkuu.

Ijumaa moja Mama alirudi na antena iliyopasuka. Antena ndiyo ile fimbo inayosimama juu ya gari na kupokea sauti, na hiyo ya kwao ilikuwa imechapwa na matawi ya porini hadi ikasalimu amri. Jumatatu ilikuwa zamu ya kijiji cha mwisho, ng'ambo ya mto, na mvua zilikuwa zimeanza. Jumamosi Mama alishinda gereji na gari. Babu na magoti yake hakuweza kutembea mpaka dukani. Kwa hiyo Kasuku ndiye aliyetumwa, na kabla hajatoka Babu alimkalisha chini.

"Usinunue kwa macho, mjukuu wangu. Macho yanapenda kinachong'aa, na njia ya kule haina adabu. Tafuta antena nene ya faiba, ile plastiki ngumu inayopinda bila kuvunjika, yenye springi kwenye shina. Isiwe ndefu ikanasa kila tawi, wala isiwe fupi ikameza sauti. Na usilipe kabla hujaikunja."

Kukunja antena ilikuwa desturi ya madereva wa porini. Unakanyaga shina kwa mguu, unashika ncha, unaivuta mpaka ikaribie kugusa sakafu, halafu unaiachia. Ikisimama wima, ni yako. Ikibaki imepinda, unamwachia mwenye duka na kumtakia biashara njema. Wauza vipuri wote waliijua desturi hiyo na hawakuikasirikia.

Dukani Kasuku alimkuta mwanafunzi mwenzake, binti wa muuza vipuri, ambaye darasani aliitwa Bi Harusi kwa jinsi alivyopenda kujipamba. Alikuwa amekaa juu ya kaunta akila karanga. Muuza vipuri alitoa antena mbili. Moja ilikuwa nyeusi, nene, ina springi, haina hata chembe ya urembo. Ya pili ilikuwa ya chuma, nyembamba, inang'aa, na nchani ina kishanga chekundu. Muuza vipuri hakuficha kitu. Alisema ile ya kung'aa inapendwa na wenye magari ya lami, ya porini hajui.

Kasuku akanyoosha mkono kuichukua nyeusi. Bi Harusi akacheka kidogo. "Hiyo? Gari la mama yako litaonekana limeota mkia."

Wateja wengine nao wakacheka. Masikio ya Kasuku yakapata moto. Akawaza, nikiichukua hii, shule nzima Jumatatu itaniimba. Na ile kazi ya kukanyaga na kuvuta huku anatoka jasho mbele ya Bi Harusi, hapana, hiyo aibu hakuiweza. Akalipia ile ya kishanga chekundu, akatoka mbio.

Nyumbani Babu aliipapasa kwa vidole tangu shina hadi ncha, polepole. Akasema ni nyembamba, tena ya chuma. Kisha akauliza, "Umeikunja?"

"Nimeikunja, Babu. Imerudi."

Neno lilimtoka kabla hajalipima. Babu akaitikia kwa kichwa, akasema basi kama imerudi, imerudi. Mama alipofika aliambiwa kwa fahari kwamba mjukuu ameijaribu mwenyewe. Mama akaifunga juu ya gari, akamsifu bintiye, naye Kasuku akajifanya ana nguo za kuanua.

Jumatatu alirudi kutoka shule akamkuta Babu ameegemea kiti, mikono tumboni. Babu alimweleza kuwa Mama aliita asubuhi kabla ya kuingia msituni, akasema mto umejaa. Tangu hapo kimya. Kasuku akauliza kama si vizuri mtu amfuate. Alimkumbusha Babu juu ya Ngurumo, dereva wa lori la mbao mwenye sauti nene na redio kama yao, ambaye kila siku hupita karibu na ule mto.

"Ingekuwa antena ya mashaka, saa hizi Ngurumo angekuwa njiani," Babu akasema. "Lakini hii umeikunja wewe. Ameshavuka mto, na kilima cha ng'ambo tu kinatufichia sauti. Angekwama mtoni angeita, nasi tungemsikia. Tulia, mama."

Alisema hivyo kwa upole, tena akimwita "mama" kama alivyozoea akifurahi, na upole huo ulimchoma Kasuku kuliko kiboko. Sasa alielewa kilichokuwa kinatokea. Babu alikuwa ametulia kwa sababu ya uongo wake. Akinyamaza, hakuna atakayekwenda. Akisema, Babu atajua kwamba mjukuu wake ni mwongo. Alitazama redio, ikakoroma tu bila neno. Nje wingu lilikuwa limefunga upande wa vilima.

"Babu, sikuikunja."

Babu akageuza uso.

"Niliona haya. Watu walikuwa wananicheka. Sikuikunja hata kidogo. Nilikudanganya."

Babu hakugomba. Alinyoosha mkono, akashika kipaza sauti, akaanza kumwita Ngurumo. Aliita na kuita, hata Ngurumo akajibu kutoka mbali kwamba ameshapita njia panda, ila anageuza lori sasa hivi. Halafu wakasubiri. Kasuku akalia akitamani angalau achapwe, yaishe.

Mvua ilikuwa imeshafika mjini redio ilipokoroma. "Nyumbani, nimemwona. Gari limezama kwenye tope ukingoni, maji yamefika milangoni. Mwenyewe mzima, amepanda juu ya paa na maboksi yake ya chanjo. Antena imekatika, kimebaki kisiki. Nafunga mnyororo nimvute, ova."

Babu akajibu "asante, ova," akavua kofia yake akafuta machozi.

Mama alirudi jioni, tope hadi kiunoni, sauti imekauka. Tawi la kwanza tu la msituni lilikuwa limeivunja antena. Aliita siku nzima na hakuna aliyemsikia. Barafu ya kwenye maboksi iliyeyuka, dawa zote zikaharibika, na kijiji cha mwisho hakikupata chanjo. Kasuku alimweleza yote mwenyewe, hakungoja Babu amsemee. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema Jumamosi watapeleka chanjo mpya kule kijijini wote wawili.

Jumamosi walianzia dukani. Kasuku akaomba ile nyeusi, akaikanyaga shina, akaivuta kwa nguvu zote huku ulimi uko nje, akaiachia. Ikasimama wima. Bi Harusi akaomba naye ajaribu, ikamponyoka na kumwangushia kopo la misumari, baba yake akamfukuza kauntani. Mama na Kasuku walicheka njia nzima, kicheko chao cha kwanza tangu Jumatatu. Msituni matawi yaliichapa antena mpya kadiri yalivyotaka, nayo ikalala na kuinuka, ikalala na kuinuka. Mto ulikuwa umepungua, wakavuka.

Kijijini kina mama walikuwa wamejaa kwenye madawati ya shule, watoto mapajani. Mmoja akauliza mbona wiki iliyopita walingoja bure. Mama akamtazama Kasuku. Binti akasimama, akaeleza kwamba alitumwa antena, akachagua kwa macho, kisha akamdanganya babu yake, na ndiyo maana gari halikufika. Wengine wakaguna. Mama mmoja kijana akasema, "Huyu nilimbeba tangu alfajiri siku ile, nikarudi naye vilevile, na mvua inatunyea." Kasuku akasema, "Nisamehe, mama." Yule mama akampa mtoto amshike wakati wa sindano. Mtoto alilia sana, na Kasuku akalia naye.

Usiku ulipoingia walikuwa wamerudi nyumbani. Kasuku alimsimulia Babu kila kitu, halafu akauliza kama ipo siku atamtuma tena.

"Nitakutuma," Babu akasema. "Lakini sikia. Siku ile sikuitegemea antena. Vidole vyangu viliniambia ni nyembamba. Niliitegemea kauli yako, na kwa kauli yako nikakaa kitini mwanangu akiwa juu ya paa, maji yakipanda. Kitu kibovu kikisemwa ni kibovu, watu hujihadhari. Kikisemwa ni kizima, watu hulala usingizi. Ukiulizwa umefanya na hujafanya, sema hujafanya. Aibu yake ni ya kitambo tu."

Babu ametutoka siku nyingi sasa, na Kasuku ana watoto wake. Wao hawajui redio ya upepo ni kitu gani. Lakini wakimdanganya kwamba wamemaliza kazi ya shule, huwakalisha chini na kuwaambia habari za bibi yao, na mto uliojaa, na jinsi alivyoita siku nzima.