Bembea Iliyobadilisha Gia

Mniwie radhi, hadithi hii nitaivuruga. Mimi nimezoea kuchekesha watu, na hii ina damu.

Kati ya barabara mbili zisizopumzika palikuwa na kiwanja cha watoto, kidogo kama leso. Bembea yake ilipokatika, fundi wa kuchomelea, tuliyemwita Cheche, akaifunga mnyororo alioung'oa kwenye lori lililomuua dereva wake wiki ile. Mafundi wana mwiko: chuma cha ajali hupitishwa motoni kwanza. Cheche hakuupitisha. Bintiye wa miaka sita alishakalia kibao, anapiga miguu.

"Baba, mnyororo una joto."

"Jua hilo, mama."

Mbingu ilikuwa imefunga kwa mawingu.

Pakanuka dizeli na nywele zilizoungua. Bembea ikaanza kwenda bila msukumaji, ikaunguruma, ikabadilisha gia: ya pili, ya tatu.

"Baba," mtoto akanong'ona, "kuna mtu amenipakata. Hana uso."

Cheche akamgeukia kaka wa mkewe, akasema chinichini, "Shemeji, ng'ang'ania upande huo, bembea isifike barabarani. Usiachie hata mkono ukivunjika."

"Wangu au wako?" shemeji akauliza. Hata hivyo akashika.

Cheche akakwea nguzo na msumeno wa chuma, akakereza, na kadiri alivyokereza ndivyo mnyororo ulivyomtemea damu nyeusi ya moto iliyomchuna ngozi ya shavu, na ndivyo bembea ilivyozidi kujirusha kuelekea kwenye malori, mpaka visigino vya mtoto vikagonga vioo vya pembeni, na hapo gia ya nne ikaingia, upande wa shemeji ukalegea, pingili zikamrukia Cheche, zikamzonga mkono, zikauvunja kiwikoni kama muwa, zikauvunja tena begani, naye bado anakereza kwa ule uliobaki, ameuma ulimi hadi ukatoboka.

Mnyororo ukakatika. Mtoto akaangukia mchangani, mzima. Mnyororo ukatambaa wenyewe hadi barabarani, ukajiviringisha kwenye gurudumu la lori lililokuwa likipita, ukaenda zake.

Mpaka leo, lori likibadilisha gia, yule mtoto hushika kiti kwa mikono miwili.

Tulipokwenda hospitali kumtazama baba yake, mkono umeshakatwa, mtoto alinigeukia kwa upole kabisa.

"Mjomba, ulipokimbia, ulikwenda kumwita nani?"

Sikwenda kumwita mtu.